Gogo la usumba kwenye kingo za kijito: la Unguja na la kutoka nje

Gogo la usumba ni nyuzi za makumbi ya nazi zilizoshindiliwa ndani ya wavu wa kamba za nyuzi hizo hizo, likawa refu la mviringo kama mto wa kulalia. Ni mto wa kulazia mto, ukipenda. Hulazwa kwenye kitako cha ukingo, pale maji yanapogusana na udongo, lizuie ukingo usimong'onyoke mpaka mimea iliyopandwa nyuma yake ishike mizizi. Basi. Halisafishi maji machafu, halizuii mafuriko, wala halikai milele. Anayeliuza kwa sifa hizo tatu anauza kitu kingine.

Tumeyapima ya aina mbili, yote ya kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa mita 3, kwa kazi moja tu: kurudisha uhai kijito kilichoharibika ndani ya mji au pembezoni mwake. La kwanza ni la mashine, la kuagizwa kutoka Sri Lanka au India, nchi zinazotawala biashara ya usumba duniani. La pili hufungwa kwa mkono hapa hapa, kwa usumba wa wasukaji kamba wa pwani ya mashariki, Jambiani, Bwejuu na vijiji vya jirani, ambako kina mama huzika makumbi ufukweni kwenye mashimo yanayofunikwa na maji yakijaa, wakayaacha miezi kadhaa, kisha wakayafukua na kuyapiga kwa gongo mpaka nyuzi ziachane. Hili la mkono hulikuti dukani. Unaagiza usumba kwa kilo, unaagiza kamba, unamtafuta mtu mwenye mikono ya kufunga, unampa kipimo.

Likatwe kabla hujalipa

Usikubali kununua gogo kwa kulitazama nje. Nje yote yanafanana. Omba lifunguliwe mwisho mmoja, uchomoe konzi moja ya nyuzi kutoka katikati kabisa, si pembeni.

Usumba mzuri una nyuzi za urefu wa kiganja au zaidi, ukizivuta hazikatiki ovyo. Za hapa, kwa kuwa zimekaa kwenye maji ya bahari, huwa laini na zimeiva rangi, zinakaribia dhahabu. Za mashine ni za kahawia iliyokolea, ngumu, fupi kidogo, na zinachoma kiganja. Hizo ngumu ndizo zinazochelewa kuoza. Kisha piga gogo lenyewe chini, kwenye gunia au kwenye sakafu iliyofagiwa. Likitoa vumbi la kahawia la kujaza kikombe, sawa. Likitoa la kujaza ndoo, hilo limejazwa vumbi la makumbi badala ya nyuzi, na mvua ya kwanza ya maana itatoka nalo. Litabaki ganda la wavu limelala kama soksi.

Halafu lipime. Gogo la vipimo hivi lina ujazo wa karibu mita 0.21 za ujazo. Viwanda vingi hushindilia baina ya kilo 112 na 144 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo gogo kavu la mashine lisipungue kilo 23 au 24, na zuri lifike 28. La mkono hushuka, kwa sababu mtu hashindilii kama mashine. Mpaka wetu ni kilo 17. Chini ya hapo maji yanapita ndani yake badala ya kupita mbele yake, na tope linachotwa nyuma ya gogo huku gogo lenyewe liko palepale linakutazama. Fundi anayejua hufunga kwa watu watatu: mmoja anajaza, mmoja anakanyaga, mmoja anakaza kamba. Ukimwona anafunga peke yake huku amekaa, jua uzito hautafika.

Kwa makumbi, hesabu ni takriban 12 kwa kilo moja ya nyuzi. Gogo la kilo 25 ni makumbi 300. Ukumbuke hilo kabla hujalalamikia bei ya kina mama wa Bwejuu.

La hapa lina ila moja ambayo la nje mara nyingi halina: chumvi. Usumba uliozikwa ufukweni unatoka na bahari yake, na mche uliopandwa moja kwa moja ndani ya gogo jipya huungua ncha za majani wiki ya pili, watu wakadhani ni jua. Dawa ni kulilowesha kwenye maji matamu siku mbili, ukibadilisha maji mara mbili. Maji ya mwanzo yatatoka rangi ya chai ya rangi iliyokolea, hiyo si kasoro, ni ukakasi wa makumbi. Chovya kidole uonje maji ya mwisho. Ukisikia chumvi, rudia. Kama huna pipa la kutosha, liache nje mvua kubwa mbili tatu zilipige.

Kijito kwanza, gogo baadaye

Kosa la bei kubwa kuliko yote ni kununua gogo kwa kijito ambacho hakilistahimili. Majedwali ya Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani ya mwaka 2001, ambayo mafundi wa kazi hizi duniani bado wanayatumia, yanalikadiria gogo la usumba kuwa na uwezo wa kuhimili maji yanayokwenda mita 2.4 kwa sekunde na nguvu ya maji ya kukwangua ukingo, inayopimwa kwa paskali, ya 140 hadi 240. Zaidi ya hapo ni kulitoa sadaka.

Kupima mwendo hakuhitaji chombo. Pima mita 10 zilizonyooka ukingoni, tupa kidaka cha mnazi majini siku ya mafuriko, hesabu sekunde. Kidaka kinafaa kuliko kijiti kwa sababu kinazama nusu na upepo haukisukumi. Mita gawa kwa sekunde, zidisha kwa 0.8, maana maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Kikitumia sekunde nne, mwendo ni mita 2 kwa sekunde: unapita, lakini kwa gogo la mashine, si la mkono.

Nguvu ya kukwangua hupatikana hata siku ya kiangazi. Tafuta alama ya maji ya masika iliyopita. Mjini alama hiyo haifichiki: ni nailoni na vitambaa vilivyonasa kwenye matawi, vyote kwenye usawa mmoja kama kamba ya kuanikia. Pima kutoka hapo hadi sakafu ya kijito. Kisha chukua mpira wa levo, huu huu wa waashi, upime mteremko wa sakafu kwa mita 30. Ukishuka sentimita 30, mteremko ni mita 1 kwa kila mita 100. Zidisha kina kwa mteremko kwa 98. Kina cha mita 0.8 na mteremko wa 1 vinatoa paskali 78, kazi nyepesi. Kina cha mita 1 na mteremko wa 3 vinatoa 294, na hapo gogo halina lake. Weka mawe.

Sehemu kubwa ya upande wa magharibi wa Unguja ina mteremko mdogo na udongo wa kina, ndiyo maana vijito vya Mtoni na Bububu vipo. Mtoni jina lenyewe linasema, na mabomba ambayo Sultani Barghash aliyapeleka mjini yalianzia kwenye chemchem za upande huo huo. Kwa vijito hivyo gogo ni chaguo la haki. Pemba ni habari nyingine. Vilima na mabonde ya Pemba vinateremka kwa nguvu, na kijito kinachoshuka kuelekea Chake au Mkoani kinaweza kuwa mpole chini na mkali mita 50 juu yake. Huko pima vipande viwili vitatu, usipime kimoja.

Pasipofaa kabisa, Unguja na Pemba, ni mbele ya mdomo wa mtaro wa zege. Mtaro unayatoa maji kwa kasi sehemu moja kama mpira wa kumwagilia, na hakuna gogo la ukubwa wowote linalokaa hapo. Mdomo wa mtaro unataka kitanda cha mawe makubwa, upana mara tatu ya mdomo, ndipo magogo yaanze baada ya maji kutulia. Kazi nyingi zilizoharibika ziliharibikia hapa.

Kulilaza

Wakati ni Septemba au mwanzo wa Oktoba, kijito kikiwa chembamba. Wengi huanza Februari au Machi kwa haraka ya kuiwahi masika, wakaipa mimea wiki tatu za kujiandaa kwa mvua kubwa kuliko zote za mwaka. Vuli iwe ya kupandia, masika iwe ya kujaribiwa.

Ukingo uliosimama wima ulazwe kwanza. Kipimo kizuri ni mita mbili za kwenda nyuma kwa kila mita moja ya kwenda juu. Mjini nafasi hiyo mara nyingi haipo, kuna ukuta wa mtu au karo lake la maji machafu. Moja na nusu kwa moja bado inakubalika. Wima kuliko hapo usilaze gogo, kwa sababu ukingo utalifukia siku utakapoporomoka.

Kisha handaki. Gogo halikai juu ya udongo, linakaa ndani yake, theluthi hadi theluthi mbili za unene wake: sentimita 10 hadi 15 kwenye udongo wa mfinyanzi, 15 hadi 20 kwenye mchanga. Hapa ndipo vibarua hudokoa kazi, maana kuchimba ndani ya maji ni tabu na gogo likiwekwa juu linaonekana vilevile. Maji hayaangalii. Yanaingia chini ya gogo lililowekwa juu, yanachimba kitako, na baada ya mvua mbili gogo linaning'inia kwenye vigingi vyake kama chaga ya kitanda.

Mwisho wa juu na mwisho wa chini uingizwe ndani ya ukingo, mita moja, ukiupinda taratibu. Usiuache uchi. Maji yakipata mlango nyuma ya gogo yatatengeneza kijito cha pili, nawe utakuwa umejenga kisiwa.

Gogo na gogo hukutana uso kwa uso, halipandi moja juu ya jingine, na hushonwa kwa kamba mizunguko mitano au sita. Pengo la vidole viwili linatosha kuwa bomba.

Vigingi viwe viwili viwili, kimoja mbele kimoja nyuma, kila sentimita 60. Usipigilie katikati ya gogo. Kigingi cha katikati kinapasua wavu, na nyuzi zinatokea hapo hapo. Urefu sentimita 90 hadi 120, theluthi mbili ziingie ardhini. Mti uwe mvinje au mti wowote wa shamba lako. Boriti za mikoko usitumie, kukata mikoko ili kuokoa kijito ni kuchoma nyumba kupata mkaa. Pigilia vigingi vibaki vimetokeza sentimita 10, vichonge mfereji mdogo kwenye shingo, pitisha kamba juu ya gogo kwa msalaba kutoka kigingi hadi kigingi, kisha maliza kuvipigilia. Kamba hujikaza yenyewe kadiri kigingi kinavyozama. Fundi aliyefunga kamba baada ya kumaliza kupigilia atakwambia imekaza. Tia kidole chini yake.

Kamba ya nailoni au ya usumba? Ya nailoni inadumu, na ndilo tatizo lake. Gogo litaoza, kamba itabaki majini kunasa taka na miguu ya bata. Tumia ya usumba, mikunjo miwili.

Kwa mita 10 za ukingo mmoja, pamoja na miisho miwili ya mita moja moja, mahitaji ni magogo 4, vigingi 42 na kamba mita 65. Nyuma ya gogo, ukingo wote uliobaki wazi ufunikwe wavu wa usumba wa gramu 700 kwa mita ya mraba. Ukingo wa mita 3, zikipimwa kwa kufuata mteremko wake, unakula mita za mraba 35 hivi na vijiti 120 vya kushikizia. Wavu uzikwe juu kwenye kihandaki cha sentimita 20 hadi 30, na kila kipande cha upande maji yanakotoka kilalie kile cha upande yanakokwenda, sentimita 15, kama makuti yanavyoezekwa. Ukigeuza, maji yanaingia chini yake na kuufunua wote kwa pigo moja. Watu wanne, siku mbili. Gogo likishaloa linazidi kilo 60, kwa hiyo la kulowesha kuondoa chumvi liache lichuruzike siku nzima kabla ya kulibeba.

Mimea ndiyo kazi

Gogo linaoza baina ya miaka miwili na mitano, na kwa joto letu na maji yaliyojaa uchafu hesabu miwili au mitatu. Ukinunua magogo 40 na miche 10, umenunua kucheleweshwa tu.

Vetiva, nyasi ndefu ya vichaka, ni ya kwanza kwa sababu mizizi yake inakwenda chini mita 3 na zaidi, haitambai, na mbegu zake hazioti, kwa hiyo haitageuka kwekwe. Igawe shina moja moja au mawili, kata majani yabaki sentimita 20, panda kila sentimita 10 hadi 15 katika mstari unaofuata usawa wa ukingo. Mistari mitatu kwa mita 10 ni miche kama 250. Wengi hupanda kila sentimita 30 ili kupunguza gharama, na wanachopata ni vichaka vilivyoachana, maji yanapita katikati kwa kasi kuliko mwanzo. Haipendi kivuli. Chini ya mwembe mkubwa itanyong'onyea, hapo usihangaike nayo.

Ndani ya gogo lenyewe, toboa kwa kijiti kila sentimita 25 upachike ndago au matete machanga. Matete hushika haraka, lakini katika kijito chembamba yatakuja kuziba njia yote. Yaweke upande mmoja tu. Mkindu unapenda majimaji na wenyeji hawaukati ovyo kwa sababu ya ukindu wa mikeka. Mti wenye mwenyewe hulindwa. Majimbi yanaota vizuri mno, na ndiyo hatari yake: mtu atakuja kuyachimba, atachimba na ukingo. Juu kabisa, kwenye ukingo mkavu, mbono kaburi kwa vipandikizi hufanya ua unaozuia mbuzi.

Kijito kikikaribia bahari kanuni zinabadilika. Tembelea siku ya bamvua uone maji ya chumvi yanafika wapi. Chini ya alama hiyo sahau vetiva, panda mchu au mkoko, na gogo liwe la kuzuia tope tu mpaka miche isimame. Kaa watatoboa nyuma yake. Hakuna dawa, ila kuweka magogo mawili, moja nyuma ya jingine.

Yanayoliua

Taka zinaongoza. Mfuko mmoja ukinasa kwenye kigingi, unaukaribisha wa pili, ukifuata wa pempasi, na kabla ya saa moja ya mvua gogo limekuwa boma linalopokea nguvu ambayo halikutengenezewa. Zanzibar ilikataza mifuko ya plastiki kabla ya bara, bado kijito kinajua bidhaa zote za dukani. Wavu wa chuma wa kuchuja taka, upande maji yanakotoka kabla ya sehemu uliyotengeneza, ni sehemu ya bei ya gogo, si nyongeza, na uwe na mtu anayelipwa kuusafisha baada ya kila mvua. Usiposafishwa, huo wavu ndio utakaofurisha maji majumbani. Kama juu kuna jaa, jaa liondoke kwanza. Hakuna mpangilio mwingine.

Moto ni wa pili na hausemwi. Kiangazi usumba wa juu unakauka kabisa, na mtu akichoma taka ukingoni unashika na kuendelea kufuka ndani kwa ndani hadi kesho yake. Mchwa hawapendi sana usumba, lakini wanapenda vigingi, na wanavianzia kwenye usawa wa ardhi mahali usipopaona. Kigingi kitikise kila mwezi. Miguu ya watu nayo: panapopitwa kwenda kuchota au kuvuka, usipazibe, jenga ngazi tatu za mawe, la sivyo watakanyaga gogo na hawana kosa.

Maji ya karo yanayotiririka humo hayaliui gogo lenyewe, ila yanalichafua na kudhuru mimea yake. Nyuzi zinafunikwa utando mweusi wa kuteleza, oksijeni inakwisha, ndago inageuka njano kuanzia chini. Hapo kazi ni ya karo, na hakuna bidhaa ya ukingoni inayoitatua.

Ukililinganisha na mengine

Gabioni, sanduku la waya linalojazwa mawe, lina nguvu karibu mara mbili au zaidi: majedwali yale yale yanalikadiria mita 4.3 hadi 5.8 kwa sekunde. Sanduku la mita 2 kwa 1 kwa 1 linataka mita 2 za ujazo za mawe makubwa kuliko ngumi, baina ya sentimita 10 na 20, na mawe yetu ya matumbawe mengi ni mepesi na yenye vinyweleo, yanasagikana. Chagua yale yanayolia yakigongwa, acha yanayokwaruzika kwa ukucha. Waya uwe wa milimita 2.7 wenye ganda la plastiki juu ya zinki, maana hewa ya chumvi inautafuna usio na ganda. Tungelitumia kwenye mapindo makali na chini ya midomo ya mitaro, na magogo kwengine kote.

Viroba vya mchanga havifai. Jua linavipasua kwa miezi, mchanga unarudi kijitoni, na sasa una plastiki zaidi. Matairi hatuyazungumzii.

Mtaro wa zege, moja kwa moja toka juu hadi baharini, unamaliza tatizo la ukingo kwa kumaliza kijito, na kumpelekea jirani wa chini maji yale yale yakiwa na haraka zaidi. Mji huu unalijua hilo kwa muda mrefu. Darajani palikuwa na daraja kweli, juu ya mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Mkono ulifukiwa, jina likabaki, na maji ya mvua yanaendelea kutafuta mabonde yao.

Vetiva bila gogo? Kwenye kijito cha mwendo chini ya mita 1 kwa sekunde na ukingo uliolazwa vizuri, ndiyo, na utaokoa fedha nyingi. Muuzaji wa magogo hatakwambia.

Kwa hiyo

Kwa kijito kipole cha magharibi mwa Unguja, chenye maji yasiyozidi mita 1.5 kwa sekunde wakati wa mafuriko, tungelichukua gogo la mkono, la kilo 17 kwenda juu, lililooshwa chumvi. Nyuzi zake ndefu zinashikana na mizizi vizuri kuliko za mashine, mwanya wake unaruhusu miche kupenya bila kutobolewa kwa nguvu, na likipasuka aliyelifunga yuko karibu wa kulishona. Kwa mwendo wa 1.5 hadi 2.4, au upande wa nje wa pindo lisilo kali, la mashine, bila ubishi. Linachelewa kuota kwa sababu limeshindiliwa sana, kwa hiyo litoboe kwa mtaimbo kabla ya kupanda na usitegemee kijani kabla ya wiki sita. Kuchanganya yote mawili katika mstari mmoja si vizuri: lililo jepesi linadidimia, kwenye kiungo panakuwa na ngazi, na maji yanaanzia hapo.

Kabla ya kuleta hata kigingi kimoja, pitia kwa sheha, kisha manispaa, na uulize ZEMA, mamlaka iliyoundwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar ya mwaka 2015, kama kazi yako inahitaji tathmini. Chukua mchoro wa mkono na vipimo vya mwendo na mteremko. Mtu mwenye namba hujibiwa haraka kuliko mwenye picha za simu.

Masika ya kwanza ikipita, nenda Juni. Usiangalie gogo. Shika kichaka cha vetiva kwa mikono miwili uvute kwa nguvu zako zote. Kikitoka, jaza mapengo kwa miche mipya kabla ya vuli na ukaze kamba, bado una mwaka mmoja au miwili. Kisipotoka, acha gogo lioze.